Mpaka ukifungwa kesho, nani atapiga kelele?

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu kumi na wanne, saba wa upande wetu na saba wa nchi jirani. Baadhi yetu ni walimu, wengine ni wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiandaa bonanza la michezo na kongamano la ujirani mwema. Sasa serikali zetu zimenuniana, mizigo inakwama, na watu wanatuambia tunajisumbua bure, kwamba mambo ya nchi na nchi ni ya wakubwa. Wapo hata wanaotuita wasaliti. Je, raia wa kawaida wanaweza kujenga ushirikiano wa kweli kati ya nchi mbili? Na kama wanaweza, tuanze na urafiki au tuanze na biashara?

Jibu: Marahaba, ndugu katibu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu kazi hii nimeifanya miaka mingi na naiamini.

Kwa kifupi, ndiyo, wanaweza, na mahali pengi wameshafanya. Ila kuna kipimo ninachokitumia kila ninapoombwa kuangalia mradi wa ujirani, na nakuomba mkitumie kabla hamjapanga bonanza lingine. Jiulizeni: mpaka ukifungwa kesho asubuhi, nani atapiga kelele, na kelele zake zitamfikia nani? Bonanza likiahirishwa, wachezaji watasikitika siku mbili, kisha watatafuta timu nyingine. Kongamano likifutwa, wajumbe watabaki makwao. Lakini fundi cherehani ambaye vitambaa vyake vyote vinatoka ng'ambo, na msambazaji wa ng'ambo ambaye nusu ya wateja wake wako upande wenu, hao watakwenda kugonga mlango wa ofisa wa forodha siku hiyo hiyo. Kazi ya diplomasia ya wananchi, kwa ninavyoielewa mimi, ni kuongeza watu wa namna hiyo pande zote mbili, mpaka mwanasiasa anayetaka kuvunja uhusiano aone hasara yake kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo, kuhusu urafiki au biashara, anzeni na shughuli inayojirudia, ambayo upande mmoja hauwezi kuifanya bila mwingine. Mara nyingi shughuli hiyo ni biashara. Mahali pengine ni mto wanaouchangia, msitu, ugonjwa wa mifugo, au barabara. Urafiki utazaliwa humo humo.

Niruhusu nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku nne kwenye kituo kimoja cha mpakani nikiwafuatilia wanawake wawili waliokuwa wakifanya biashara pamoja, mmoja wa upande huu, mwingine wa upande ule. Mmoja alileta ndala na ndoo za plastiki, mwenzake alileta vitambaa. Mkataba wa maandishi hawakuwa nao. Walikuwa na madaftari mawili ya shule, kila mmoja na lake, na jioni ya siku ya soko walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya wakala wa forodha wakasomeana: tarehe, bidhaa, idadi, kilicholipwa, kilichobaki. Kila mstari uliposomwa na kukubaliwa, huyu aliweka alama ya vema kwenye daftari la yule, na yule kwenye la huyu. Walipokosana hesabu, walirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa bila kupandisha sauti, mpaka kosa likaonekana.

Kilichobaki kilikuwa mali kauli. Mzigo umekwishaondoka, fedha itakuja, na katikati hapo kuna neno la mtu tu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mpaka ule ulikuwa umefungwa kwa wiki kadhaa. Nilimwuliza yule mama wa vitambaa: ulipofunguliwa, kitu cha kwanza kuvuka kilikuwa nini? Akafunua ukurasa akanionyesha. Mwenzake alivuka siku ya kwanza bila mzigo wowote, amebeba daftari na sehemu ya deni, akaahidi kumalizia mwezi ujao. Akamalizia.

Tangu siku ile, nikitaka kujua nchi mbili zinaelewana kiasi gani, siendi kwanza kwenye taarifa za pamoja za mawaziri. Nauliza: wafanyabiashara wenu wanapeana mali kauli? Mtu hampi adui yake mali kauli. Anayempa mwenzake mzigo kwa neno tu ameshamfanyia tathmini ambayo balozi hawezi kuiandika. Anajua nyumba yake, anawajua watoto wake, anajua mwaka alipopata shida alilipa namna gani. Basi hesabuni ndani ya kikundi chenu: katika hao kumi na wanne, wangapi wanadaiana kwa uaminifu kuvuka mpaka? Kama jibu ni wawili, mna pa kuanzia.

Hapo hapo kuna hatari ambayo wengi hawaioni mapema. Mtu akidhulumiwa na jirani wa mtaa mmoja naye, atasema fulani ni tapeli. Akidhulumiwa na mtu wa ng'ambo, atasema "watu wa nchi ile ni matapeli". Deni moja lisilolipwa mpakani linageuka tusi la taifa zima, na linasafiri haraka kuliko wema wa miaka kumi. Kwa sababu hiyo, chombo cha kwanza ninachowashauri kukiunda ni kamati ndogo ya usuluhishi wa madeni, watu watatu wa huku na watatu wa kule, wenye heshima sokoni. Kazi yao ni kusikiliza shauri ndani ya siku chache, kabla halijawa hadithi ya kwenye simu. Hawahitaji ofisi. Wanahitaji siku moja maalumu ya wiki, kivuli, na daftari. Nimeona kamati kama hiyo ikizima ugomvi wa deni dogo sana ambao tayari vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kuutumia kutishana.

Sasa nije kwenye lile neno la kwamba mambo ya nchi na nchi ni ya wakubwa. Kuna ukweli ndani yake na msiudharau. Nyinyi hamwezi kutia saini mkataba, hamwezi kuchora mstari wa mpaka, hamwezi kuondoa ushuru. Mkijifanya mnaweza, mtavunjiwa kikundi kwa haki. Lakini wakubwa nao wana mipaka yao. Waziri hawezi kusogea mahali ambapo wananchi wake hawako tayari kumfuata, na mara nyingi hajui kama wako tayari mpaka kitu fulani kimwonyeshe.

Ugiriki na Uturuki zinaeleza hili vizuri. Januari 1996 nchi hizo nusura zipigane kwa ajili ya vijisiwa viwili vya mawe visivyo na mtu. Kisha tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko kubwa la ardhi likaipiga Izmit, Uturuki, na kuua watu zaidi ya 17,000. Waokoaji wa Kigiriki wakafika. Wiki tatu baadaye, tarehe 7 Septemba, ardhi ikatikisika Athens, na waokoaji wa Kituruki wakaenda kufukua vifusi. Watu wa kawaida walijitokeza kutoa damu na misaada kwa ajili ya majirani waliokuwa wakiwaogopa. Wengi huishia hapo wanaposimulia, na wanaacha sehemu muhimu: mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo, George Papandreou na İsmail Cem, walikuwa wameshaanza kuzungumza miezi kabla ya matetemeko. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Wananchi waliusukuma ukafunguka zaidi, na wakafanya iwe aibu kuufunga. Kungekuwa hakuna mazungumzo yale ya kwanza, huruma ile ingepoa baada ya mwezi. Kungekuwa hakuna wananchi, mazungumzo yangebaki mezani.

Basi msijione mnashindana na serikali. Tafuteni ofisa ambaye tayari anataka jambo hili na anakosa ushahidi wa kumpelekea bosi wake. Yupo. Katika kila kituo cha mpaka nilichofanyia kazi, nimemkuta angalau mmoja, mara nyingi wa ngazi ya kati, amechoka kuona malori yamelala.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao haujulikani sana kwetu, ni wa Peru na Ecuador. Nchi hizi ziligombea mpaka kwa zaidi ya karne moja. Zilipigana mwaka 1941, zikasaini itifaki huko Rio de Janeiro mwaka 1942, na bado kipande cha mpaka kwenye milima ya Cóndor kikabaki hakijawekewa alama. Januari na Februari 1995 zikapigana tena kwenye bonde la Cenepa. Mwaka 1997, kundi la raia wa pande zote mbili, wakiwemo wasomi, wanahabari, watu wa biashara na watetezi wa mazingira, walikutana Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Baadaye wakajulikana kama Kundi la Maryland. Hawakwenda kuchora ramani. Walikwenda kutafuta wananchi wa kila upande wanaogopa nini na wanaweza kufaidi nini, kisha wakarudi kwao, kila mmoja akaanza kuwaandalia watu wake masikio ya kusikia neno amani bila kuliona kuwa ni kushindwa.

Tarehe 26 Oktoba 1998, marais Jamil Mahuad wa Ecuador na Alberto Fujimori wa Peru walitia saini makubaliano jijini Brasília. Nchi nne zilizokuwa wadhamini wa itifaki ya 1942, yaani Argentina, Brazili, Chile na Marekani, zilikuwa na mkono mkubwa, na nisingependa umpe raia sifa zote. Lakini tazama kilichowekwa ndani ya makubaliano yale. Mbali na mstari wa mpaka, kulikuwa na mkataba wa biashara na usafiri wa majini, mpango wa pamoja wa kuendeleza maeneo ya mpakani pande zote mbili, na maeneo ya hifadhi yanayopakana. Ecuador ilipewa kilomita moja ya mraba ndani ya ardhi ya Peru, pale Tiwinza walipoangukia askari wake, iimiliki kama mtu anavyomiliki kiwanja, bila kuwa sehemu ya mamlaka yake. Ni suluhisho la ajabu, lenye heshima kwa wafiwa. Suluhisho la namna hiyo haliwezekani mahali ambapo wananchi wameaminishwa kwamba kila hatua ya mita moja ni usaliti. Ndiyo maana kazi ya kuandaa masikio si ndogo, ndugu katibu, hata kama hakuna anayeipiga picha.

Tukirudi kwenye biashara, nakuomba usidhani kwamba ikishaanza tu italinda amani yenyewe. Kashmir, eneo linalogombewa na India na Pakistan, inatufundisha. Oktoba 2008, India na Pakistan ziliruhusu bidhaa kuvuka mstari unaoligawanya eneo lile, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa miaka sitini. Orodha ilikuwa ya aina 21 za bidhaa, vituo vilikuwa viwili, na biashara ilikuwa ya kubadilishana mali kwa mali kwa sababu benki hazikuhusishwa. Ndugu waliotenganishwa na mstari wakawa wabia. Biashara ile iliishi zaidi ya miaka kumi, ikapita vipindi vya risasi na vya utulivu. Aprili 2019 India ikaisimamisha, ikisema njia ile ilikuwa ikitumiwa vibaya kupitisha silaha, dawa za kulevya na fedha bandia. Madereva, wapakuzi na wafanyabiashara waliokuwa wakiitegemea wakabaki hawana kazi.

Nimeifikiria sana habari ile. Ninachojifunza ni kwamba daraja linaloning'inia kwenye kamba moja litakatika siku kamba ikikatwa. Biashara isiyo na benki, yenye vituo viwili tu na iliyosimama kwa idhini ya kisiasa, ilikuwa jasiri, lakini haikuwa na mizizi ya kutosha kwingine. Na lile shitaka la njia kutumiwa vibaya litakuja kwenu pia, hata kama mko safi kama pamba. Shitaka kama hilo halijibiwi kwa hasira. Linajibiwa kwa kumbukumbu: nani alipitisha nini, lini, kiasi gani, na kikundi kilimfukuza nani alipokutwa na magendo. Anzeni kujidhibiti wenyewe kabla hamjaambiwa. Mwanachama anayetumia njia za panya usiku na kuimba ujirani mwema mchana atawaangusha wote.

Kuna mfano wa unyenyekevu zaidi ambao unawafaa watu wa kiwango chenu. Julai 2011, India na Bangladesh zilifungua soko la mpakani mahali paitwapo Kalaichar, kati ya jimbo la Meghalaya na wilaya ya Kurigram. Masharti yake ni madogo kwa makusudi. Wanaoingia ni wakazi wa karibu, ndani ya kilomita tano kutoka sokoni. Bidhaa ni za eneo lile, ushuru hakuna, fedha ya nchi yoyote kati ya hizo mbili inapokelewa, na kila mtu ana kikomo cha kununua. Masoko mengine ya aina hiyo yalifuata. Mtaalamu wa uchumi anaweza kukuambia kwamba kiasi kinachouzwa hapo ni tone baharini. Ni kweli. Lakini soko lile limewapa watu wa vijiji viwili sababu ya kuonana kila wiki mbele ya walinzi wa mpaka, kwa uhalali, na walinzi wenyewe wakajifunza sura zao. Udogo wake ndio ulioziwezesha serikali mbili kukubali. Mkitaka kupeleka ombi lolote kwa wakubwa, pelekeni la namna hiyo: dogo, lenye masharti wazi, linaloweza kusimamishwa bila mtu kuvunjiwa heshima. Wakubwa huogopa mlango ambao hawajui utafungwaje.

Nije kwenye kanuni, maana hapa ndipo kikundi chenu kinaweza kuleta mabadiliko ya haraka kuliko kwingine kote. Mara nyingi kanuni nzuri zipo na watu hawazijui. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mfano, ina hati rahisi ya uasili wa bidhaa: mzigo uliozalishwa ndani ya nchi wanachama, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unavuka kwa karatasi moja inayothibitishwa mpakani, bila ushuru wa forodha. COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, nayo ina utaratibu wake rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Hata hivyo, mpakani utamkuta mwanamke mwenye mzigo wa thamani ndogo sana akizunguka porini usiku, analipa wabebaji, anahatarisha usalama wake, kwa sababu aliambiwa na dalali kwamba getini "watakumaliza". Dalali anaishi kwa kutojua kwa yule mama. Wafanyabiashara wadogo wa kuvuka mpaka, na wengi wao ni wanawake, ndio wanaolipa bei ya kutojua huko.

Kwa hiyo, chukueni kanuni zinazohusu mpaka wenu, muulizeni ofisa wa forodha athibitishe kila sentensi, kisha ziandikeni upya kwa lugha zinazosemwa sokoni, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi moja. Moja tu. Ibandikwe pande zote mbili, maneno yaleyale. Mtashangaa ukurasa mmoja unavyobadilisha mazungumzo ya getini. Mtu aliyekuwa akisema "naomba unisaidie, mkubwa" anaanza kusema "nimeleta fomu". Ofisa mwaminifu anafurahi kwa sababu kazi yake imekuwa nyepesi. Asiye mwaminifu anajua kwamba anaonekana.

Jambo la pili ni daftari la malalamiko, na hapa naomba mniamini kwa sababu nimeliona likifanya kazi. Mfanyabiashara anapolalamika kwenye mkutano, husema "tunateseka sana mpakani". Ofisa hujibu "tutalifanyia kazi", na mkutano unaisha. Sentensi zote mbili hazishikiki. Sasa fikiria kikundi chenye ukurasa uliochorwa safu: tarehe, geti, bidhaa, muda uliofika, muda ulioruhusiwa, kilichoombwa, risiti iliyotolewa au isiyotolewa. Jazeni kwa miezi mitatu, pande zote mbili, kwa fomu ileile. Msiandike majina ya maofisa. Andikeni saa na tukio. Mkikaa na wakuu wa forodha, uhamiaji na afya wa nchi zote mbili mkiwa na kurasa hizo, hakuna anayeweza kusema hamkusema kitu. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, kurasa za namna hiyo zilionyesha kwamba mizigo mingi ilikwama saa ileile ya mchana. Sababu ilikuwa nini? Maofisa wa upande mmoja walikuwa wakienda mapumzikoni saa sita, wa upande wa pili saa saba, na kwa hiyo kwa saa mbili nzima hakuna kilichovuka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wakuu wawili walikubaliana palepale kupanga zamu. Lile lilikuwa makubaliano ya nchi na nchi, ndugu katibu, na lililetwa na wauza ndala.

Usinielewe kwamba karatasi pekee zinatosha. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa rasmi tena mpaka tarehe 31 Januari 2022, na hizo ni nchi ambazo zote ni wanachama wa jumuiya moja yenye itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010. Saini zilikuwepo. Kilichokosekana wakati wa mvutano ni sauti yenye nguvu ya kutosha kutoka chini. Ndiyo maana sipendi kutenganisha kanuni na watu. Kanuni inampa mfanyabiashara haki ya kuvuka, na mfanyabiashara aliyejipanga ndiye anayeipa kanuni uhai siku inapoachwa.

Kuhusu vijana na bonanza lenu: msiviache, vigeuzeni. Baada ya kupigana mara tatu ndani ya miaka sabini na mitano, Ufaransa na Ujerumani zilipata undugu wao wa kwanza wa miji mwaka 1950, kati ya Montbéliard na Ludwigsburg. Meya wa Montbéliard, Lucien Tharradin, alikuwa amefungwa katika kambi ya Wanazi ya Buchenwald. Miaka mitano tu baada ya kutoka kule, akanyoosha mkono. Mimi huwa nasita kila nikilifikiria jambo hilo. Lakini pia naona kwamba haukubaki kuwa mkono wa mtu mmoja. Mkataba wa Élysée wa mwaka 1963 kati ya nchi hizo mbili ulizaa ofisi ya pamoja ya vijana ambayo tangu wakati huo imewakutanisha vijana zaidi ya milioni 9, si kwa mechi ya siku moja, ila kwa kuishi kwenye familia za wenzao, kujifunza lugha, kufanya kazi za mafunzo. Mnaona tofauti? Mchezaji anarudi kwao jioni. Kijana aliyekaa mwezi mmoja kwa fundi wa ng'ambo anarudi na ufundi, na namba ya simu ya mtu atakayemtafuta tena. Walimu mlio nao kwenye kikundi waanze hapo.

Sasa lile linalowauma, la kuitwa wasaliti. Litaendelea, na litakuwa kali zaidi siku mtakapofanikiwa. Kinga yenu ni uwazi, hata unapochosha. Kila mkutano uwe na muhtasari mmoja tu, wenye maneno yaleyale, unaosomwa hadharani pande zote mbili. Msiandike wa kwetu mtamu na wa kwao mchungu. Wapeni taarifa viongozi wa serikali za mitaa wa pande zote kabla ya mkutano, msisubiri waulize. Na muwe waangalifu sana na fedha za nje. Sikatai misaada, lakini nimeona kikundi kizuri kikifa kwa sababu upande mmoja ulipata mfadhili aliyelipa posho, upande mwingine haukupata, na ndani ya mwaka mmoja watu waliokuwa wakisomeana madaftari wakawa wanahesabiana posho. Mkipokea fedha, zipite kwenye mfuko wenye watia saini wa pande zote mbili, au msizipokee.

Jambo jingine ni historia. Kuna watu watakaotaka muanze kwa kuamua nani aliyemkosea nani. Msiwazuie kusema, maana donda lisilosemwa linaoza, ila lisiwe ajenda ya kwanza. Kwenye mikutano yangu nilikuwa naacha saa ya mwisho kwa ajili ya hayo, baada ya watu kutwa nzima kufanya kazi moja pamoja. Maneno ni yaleyale, machozi ni yaleyale, lakini mtu anayesikiliza saa kumi jioni amekaa karibu zaidi kuliko aliyekuwa akisikiliza saa tatu asubuhi.

Ningekuwa nyinyi, ningefanya hivi. Kongamano la mwaka huu ningeliahirisha na fedha yake ningeitumia kwa karatasi na nauli. Mwezi wa kwanza mkae wote kumi na wanne, muorodheshe nani anamtegemea nani ng'ambo kwa kitu gani, bila kuficha madeni. Mchague ile kamati ya usuluhishi, na hakikisheni wanawake wanaovuka kila siku wamo, maana wao ndio wanaojua geti linavyofanya kazi. Mwezi wa pili mtoe ule ukurasa wa kanuni. Kuanzia mwezi wa tatu mjaze daftari la malalamiko bila kukosa wiki hata moja. Mwezi wa sita ndipo muombe kikao na maofisa, na muombe jambo moja tu. Serikali zikiwa bado zimenuniana, muombe dogo kabisa, kama saa za kufungua geti. Mkilipata, shukuruni hadharani pande zote mbili, kwa sababu ofisa aliyewasaidia naye anahitaji kuonekana kwa bosi wake kwamba hakukosea.

Kikao cha kwanza kifanyeni pale pale mpakani, si hotelini, na kila upande uje na daftari lake. Kisha niandikie. Nitumie nakala za kurasa za miezi mitatu ya kwanza, hata kama mwandiko ni mbaya na safu zimepinda, nami nitakaa nazo nikusaidieni kutafuta lile jambo moja la kuomba.